Aliyevuliwa Miguu

Kufuli lilikuwa dogo, la shaba, la aina wanayouza wachuuzi wa Magongo. Inspekta Safa Hashim alirudisha mlango, akalipitisha kufuli kwenye pete mbili za chuma, akalibana kwa kidole gumba. Likalia tak.

"Ufunguo uko wapi, Morgan?"

"Ninao, madam. Uko kwa bahasha ya vielelezo. Kadenge tulimpata nao mfukoni."

"Na mimi nimefungia nini sasa hivi?"

Konstebo Morgan aliangalia kufuli, kisha akaangalia mkono wa mkubwa wake. "Umefunga na mkono tu."

"Faili lako lasema aliyefunga ni mwenye ufunguo. Ufunguo ni wa kufungulia, bwana. Kufunga, kufuli hili lilikuwa laning'inia hapa wazi kutwa. Hata mbuzi angelifunga, angekuwa na kidole."

Morgan alicheka kidogo, akaacha alipoona anacheka peke yake. Alifungua.

Chumba kilikuwa cha mwisho katika ploti ya mabati huko Chaani. Waliishi humo wanaume wawili, askari waliorudishwa kutoka ng'ambo ya mpaka wakiwa pungufu. Ukasha, mzaliwa wa Likoni, aliacha huko miguu yote miwili, chini ya magoti. Kadenge, Mgiriama wa Mwakirunge, aliacha mkono wa kuume. Bomu lilikuwa moja, gari moja. Usiku Kadenge alilinda geti la yadi ya makontena upande wa Kipevu. Jumatatu alfajiri alirudi akakuta kufuli limebanwa kwa nje. Akafungua. Ukasha alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mlango, jiko la makaa limekuwa majivu, dirisha limezibwa gunia kwa sababu ya mvua. Daktari alisema ni hewa ya makaa. Polisi wakasema ni Kadenge. Jumatatu alasiri Ukasha akazikwa, na leo ilikuwa Jumanne.

Safa alichuchumaa nyuma ya mlango. Mbao ilikuwa imeparuzwa chini kabisa, usawa wa mtu anayetambaa. Juu ya hapo rangi ilikuwa nzima.

"Alibisha mpaka mwisho," alisema. "Lakini hakufika kwenye dirisha, wala hakufika juu. Morgan, miguu iko wapi?"

"Miguu gani, madam?"

"Ya bandia. Mtu huyu alikuwa akitembea. Alikuwa akienda msikitini, alikuwa akienda sokoni Kongowea akabishana bei ya nazi. Alitembelea nini?"

Morgan alifungua faili, akapekua. "Haiko kwa orodha. Si labda Kadenge ameuza?"

"Auze miguu ya mwenzake, halafu akae mlangoni kutungojea?"

Walitafuta. Chini ya kitanda kulikuwa na soksi nene za kuvalia vigutu, zimefuliwa, zimekunjwa. Kichwani pa kitanda, juu ya saruji, palikuwa na alama mbili safi zilizozungukwa na vumbi, kama alama za viatu vilivyosimama pale siku nyingi. Viatu vyenyewe, na miguu iliyokuwa ndani yake, havikuwepo.

Safa alisimama. "Aliyemfungia alimvua kwanza. Sasa nipeleke kwa jirani."

* * *

Ruth alikuwa akikanda unga kwenye beseni. Kila jioni hupeleka chapati na maharagwe Kipevu kwa madereva wa malori. Aliposikia polisi, hakuacha kukanda.

"Si niliandikisha taarifa jana, madam?"

"Uliandikisha, na Morgan akaandika. Nataka unisemee mimi. Jumapili jioni ulisikia nini?"

"Walikuwa wanagombana juu ya ndoo."

"Nani na nani?"

"Ukasha na Kadenge."

"Ulimwona Kadenge?"

"Kumwona sikumwona. Ukuta ni mabati, mtu unasikia tu. Adhana ya magharibi ilikuwa imeisha, nikasikia Ukasha anaongea na mwanaume. Si ni Kadenge wanakaa naye?"

Kesi yote ya kumtia Kadenge kitanzini ilikuwa imesimama juu ya hapo: ufunguo mfukoni, na ugomvi wa ndoo. Kadenge alidai aliondoka kwenda kazini kabla ya adhana, lakini getini huingia zamu peke yake. Hata kazini hakuwa na shahidi.

"Ndoo yenyewe ni ya nani?"

Ruth aliashiria kwa kiwiko. Ilikuwa pembeni, ya buluu, imejaa maharagwe yaliyolowekwa. "Ya Ukasha. Nilikuwa nimeazima. Ndiyo maana niliposikia anataja ndoo nikaona aibu, nikapiga kelele kwa ukuta: 'Ukasha, nitarudisha kesho, bado nimelowekea maharagwe!'"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, 'Kaa nayo, mama, ndoo haili.'"

"Alicheka."

"Alicheka sana."

"Mtu anagombana huku anacheka?" Safa aligeuka. "Morgan, soma ulichoandika. Maneno ya marehemu."

Morgan alisoma kwa sauti ya kortini. "'Marehemu alisikika akisema, Ndoo ni ndani, ndoo ni ndani.'"

"Neno hilo limenikera tangu jana. Ukasha ni mwana wa Mvita. Angetaka kusema ndoo iko ndani angesema imo ndani. 'Ndoo ni ndani' ni Kiswahili cha wapi?"

"Cha kwetu, madam," Morgan akasema, na Ruth akacheka kwa mara ya kwanza.

"Ruth, usinisomee faili. Nifanyie sauti yake. Kama alivyosema, na mvuto wake."

Ruth aliinua mikono yenye unga, akafumba macho, akaivuta sauti kwa utani wa jirani aliyezoea kuigiza watu wa pwani. "'Ndoooni! Ndooni ndani!' Hivyo. Kama anaimba."

Safa alichukua faili mkononi mwa Morgan, akakata kwa kalamu maneno mawili na kuyaandika tena yakiwa neno moja.

"Mamangu akituita kula husemaje? Ndooni. Hiyo ndiyo njooni yenu. Ukasha hakuwa akitaja ndoo. Alikuwa akikaribisha watu."

Morgan alikuna shingo. "Kwa hivyo hakuna ugomvi."

"Hakuna. Na Kadenge haendi kukaribishwa chumbani mwake mwenyewe, tena kwa Kimvita asichosema. Walioingia ni watu wa kwao Ukasha. Na asikwambie mtu ni mmoja: mmoja huambiwa ndoo. Ndooni ni wawili kwenda mbele. Ruth, waliongea nini?"

"Salamu tu, zile zenu ndefu, za kuuliza mpaka paka. Sauti niliyoisikia ni moja, nzito. Halafu nikabeba sufuria nikaenda Kipevu."

Aliiangalia ile ndoo ya buluu kama kitu asichojua amrudishie nani.

* * *

Kadenge alikuwa seli ya Changamwe, amefungwa pingu: upande mmoja kifundo chake cha mkono, wa pili mguu wa benchi.

"Mlikosa mkono wa pili mkaazima benchi," Kadenge alimwambia Safa alipoingia. "Sawa bai. Benchi nalo ni Mkenya. Inspekta, baraza bado halijafunga?"

"Lafunga alasiri."

"Basi niulize upesi."

Baraza la Majeruhi lilikuwa limeletwa na wizara kutoka bara, likakalia ukumbi wa jamii wa Changamwe siku chache tu, kusikiliza askari walioumia wakaachwa bila malipo. Ambaye hangesikilizwa kabla ya kufunga, faili lake lilifungwa pamoja na baraza. Mwenye kesi ya jinai hakusikilizwa. Na kwa kuwa kumbukumbu za kambini zilisemekana zimepotea, kila majeruhi alitakiwa alete shahidi aliyekuwepo, aape kwamba alimwona akiumia. Kana kwamba bomu hualika watu. Hii si mpya. Babu za hawa walimbebea Mwingereza mizigo kwenda kupigana na Mjerumani, waliobaki wakarudi na miguu iliyooza, wakaambiwa ngojeni majina yatafutwe. Wakapewa mtaa wa kuitwa kwa jina lao, haki yao haikuonekana hadi leo. Serikali ikitaka kukusahau haikufukuzi. Inakutuma ukalete shahidi.

"Shahidi wako ni nani?" Safa aliuliza.

"Ukasha. Na wake ni mimi. Walioko hai tulikuwa sisi wawili. Jumatatu tungeingia pamoja: mimi niape miguu, yeye aape mkono." Kadenge alivuta pingu, benchi likalia. "Nimuue mtu ambaye mkono wangu umo mdomoni mwake?"

"Miguu yake aliweka wapi usiku?"

"Kichwani pa kitanda. Hailali mbali naye. Sikuiona Jumatatu, nikamwambia huyu kijana wenu, akaniambia nyamaza."

Morgan aliangalia dari.

"Nani alikuwa aje Jumapili?"

"Kakake, Abdulaziz. Alipiga simu mchana. Ukasha alifurahi, akawasha jiko mapema, akasema leo nampikia kaka kahawa ya tangawizi. Mie nikaenda kazini."

"Wa pili?"

"Wa pili sijui. Lakini nikwambie kitu. Ukasha alikuwa aseme neno mbele ya baraza. Unamjua Faiz?"

Kila askari aliyeumia kutoka Likoni mpaka Kisauni alimjua Faiz. Alikuwa dalali wa mafaili. Aliyekosa shahidi, Faiz alimtafutia: mtu mzima, ana viatu vya kijeshi, anaapa bila kupepesa. Yalipokuja malipo Faiz alikata nusu.

"Ukasha alisema atamtaja pale pale," Kadenge alisema. "Nikamwambia, ndugu, tuchukue chetu kwanza. Akasema, hao mashahidi wa bandia ndio wanafanya sisi wa kweli tuonekane waongo."

Safa alitazama mlango wa seli. Alasiri haikuwa mbali, na Likoni palikuwa ng'ambo.

"Morgan, washa gari. Tupite barabara ya Dongo Kundu, kivuko kitatuchelewesha."

* * *

Nyumbani kwa kina Ukasha, Likoni, mikeka ilikuwa imetandikwa barazani na wanaume wanasoma hitima. Faiz aliketi mstari wa mbele, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, juzuu mkononi. Alimwona Safa kabla ya wengine.

"Dada Safa. Karibu. Hata polisi huzika, alhamdulillahi."

"Poleni. Jumapili magharibi uliswali wapi, Bwana Faiz?"

"Loo! Matangani? Niliswali kwa Mola wangu. Huyo hamwandikishi taarifa." Wazee wawili waliguna kwa kucheka. Faiz alirudi kwenye juzuu yake, na kidole chake kikaanza mstari aliokuwa ameumaliza.

Safa alivua viatu akaingia kwa wanawake. Mama yake Ukasha, Bi Nana, alikuwa ameegemea ukuta.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Ndoo, mwanangu, keti tini hapa. Wewe ni wa Hashim wa Mtongwe? Nakujua tangu hujaota meno. Wambie mwanangu hakuua mtu hata auawe."

"Mwanao yupi, mama?"

"Ukasha. Kwani mwengine aliyeuawa ni nani?" Bi Nana alivuta kitu kutoka nyuma ya mgongo wake, kirefu, kimefungwa leso. "Mimi sikupata kumwona. Wamemzika mbiombio. Nimeachiwa hii."

Alifungua leso. Miguu miwili ya plastiki, viatu vyake vimepigwa rangi.

Safa aliigusa. Sauti yake haikubadilika. "Nani amekuletea?"

"Aziz. Kakake ana huruma, wallahi. Aliniletea, sasa nanusa jasho la mwanangu."

"Alileta jana, baada ya maziko?"

"Hata! Alileta usiku wa Jumapili, niko kwenye msala naswali isha. Akaniambia, niwekee, mama, yataka kutengezwa."

Wanawake walikuwa wakivuta uradi. Mmoja, binti wa jirani, aliacha. Alikuwa ameelewa. Aliangalia miguu, akaangalia uso wa Safa, akajifunika mtandio mdomoni. Bi Nana hakuelewa. Alikuwa akifuta kiatu kwa ncha ya leso. Jumapili isha, hakuna mtu Likoni aliyejua kwamba Ukasha atakufa. Aliyekuwa na miguu yake saa hizo ndiye aliyemvua.

"Nitaihitaji hii, mama."

"Irudishe," Bi Nana alisema. "Sina chengine chake."

Abdulaziz alikuwa uani, anakata kuni za kupikia wali wa hitima. Alipomwona Safa na lile furushi la leso, aliweka shoka chini polepole, mbali na mguu wake.

"Nilitaka akose baraza tu," alisema, kabla hajaulizwa.

"Nisemee yote."

"Tukanywa kahawa. Akavua miguu, akasema vigutu vyamuuma. Nikamwambia, Ukasha, usiende kusema maneno. Akasema ataenda hata kwa kutambaa. Basi nikaibeba, nikatoka, mlango ukafungwa. Nilikuwa nimpelekee chakula asubuhi, ashinde mle siku mbili, hasira zimtoke. Kufika nikakuta gari lenu." Alifuta uso kwa kanzu. "Lile jiko, Safa. Nimelipita mlangoni. Nimeliruka kwa mguu huu."

"Umesema mlango ukafungwa. Nani alibana kufuli? Miguu ilikuwa mikononi mwako."

Abdulaziz aliokota ukuni, akaupanga juu ya mwengine.

"Mlikuwa wawili. Aliwaita ndooni. Jirani amesikia."

Hapo Abdulaziz aliinua kichwa. "Mimi ni mkubwa wake. Kwetu mkubwa haambiwi ndoo kama mtoto. Huambiwa ndooni, hata akiwa mmoja. Wewe si mgeni, wajua."

Safa alijua. Tangu utotoni alikuwa akimwita babake kwa wingi. Alikuwa amelisikiliza neno lile kwa masikio ya bara, akafurahi nalo njia nzima ya Dongo Kundu, na wakili yeyote wa Mvita angelivunja kwa pumzi moja.

"Aziz. Faiz alikuwepo?"

"Peke yangu."

"Kesho Faiz atamfungia mwengine."

"Faili la mamangu liko kwake." Abdulaziz alisema kwa sauti ya chini sana, kwa maana ukuta wa ua ulipakana na baraza. "Malipo ya maiti. Ya maiti hayataki shahidi, wajua hilo? Wa kuumia halipwi, wa kufa hulipwa. Nikimtaja, faili lapotea. Mwana mmoja kaburini, mmoja jela. Mamangu ale nini? Niandike mimi. Nipe pingu hapa hapa uani, tutokee nyuma, mama asione."

Walitokea nyuma. Barazani sauti za hitima zilikuwa zinaendelea, lakini mahali pa Faiz palikuwa patupu.

* * *

"Umepata mtu, amekiri, ana kielelezo," mkuu wa kituo alisema. Hakuinua macho kwenye simu yake. "Unataka nini tena, Safa? Niende nikafungue chuo cha Kimvita? Funga faili."

"Kuna mtu wa pili, afande."

"Una nani wa kusema alimwona?"

Hakuwa na mtu. Alitia saini karatasi ya kumtoa Kadenge, akaipeleka mwenyewe mpaka seli, akafungua pingu kwa mkono wake. Adhana ya alasiri ilikuwa haijatolewa.

"Wahi," alimwambia. "Ukumbi bado uko wazi. Waeleze shahidi wako amekufa. Nitakuja niwaambie."

"Watasema leta mwingine."

"Waeleze tu."

Kadenge alitoka uani mwa kituo akinyoosha bega. Nje ya geti palikuwa na gari jeupe, injini inanguruma. Faiz alikuwa kwenye usukani na kanzu yake ya hitima. Kwenye kiti cha nyuma aliketi mwanamume wa makamo, amenyoa upara, buti nyeusi zinang'aa.

"Kadenge ndugu yangu," Faiz aliita. "Pole kwa yaliyokupata. Ingia. Nina mtu wako hapa."

Safa alitoka mbio akafika getini. "Kadenge, usipande hilo gari! Huyo ndiye aliyemfungia mwenzako!"

"Dada Safa," Faiz alisema kwa upole, "hilo umeliandika wapi?"

Kadenge alisimama katikati yao. Alimtazama Faiz muda mrefu, jicho kwa jicho, na ikaonekana wazi kwamba ameamini kila neno la Safa. Kisha akageuka.

"Inspekta, wewe utaniapia? Uliniona nikikatika mkono?"

"Sikuwepo."

"Ehe." Alitikisa kichwa, bila ubaya. "Nina watoto Mwakirunge wanaookota plastiki jaani. Baraza likifunga leo halirudi. Umenitoa seli, nashukuru sana. Sasa unanipeleka wapi?"

Morgan, nyuma ya Safa, aliangalia viatu vyake.

Kadenge alizunguka gari akapanda mbele. Alijaribu kuvuta mkanda kwa mkono wake mmoja, ukamponyoka, akajaribu tena. Faiz akainama juu ya kifua chake, akauvuta taratibu, akamfunga.

Dirisha lilikuwa wazi. Yule mtu wa nyuma alisogea mbele, akakohoa kama mwanafunzi anayekaribia mtihani.

"Bwana, samahani. Kwenye hilo gari lenu, siku hiyo ya bomu. Mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

Gari lilikuwa limeanza kusogea kabla Kadenge hajajibu.

"Pale pa Ukasha," alisema. "Wewe ulikuwa umekaa pale pa Ukasha."